Tiara, Tanga na Upepo: Fizikia ya Kuchagua Ukubwa wa Tiara Baharini

Mtu afikaye Paje, katika pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, wakati upepo wa kusi umekwisha kukaa sawasawa, ataona jambo ambalo wazee wa mahali hapo hawakulijua katika ujana wao. Juu ya maji ya kina kifupi yaliyo ndani ya mwamba wa matumbawe huelea tiara za rangi mbalimbali, nyingine pana kama paa la kibanda. Chini ya kila tiara kuna mtu aliyesimama juu ya ubao, naye huvutwa kwa kasi huku akikata maji kama ngalawa iliyopata upepo mzuri. Mchezo huo huonekana pia Diani na Watamu katika pwani ya Kenya. Wengi wa wanaoucheza ni wageni, lakini siku hizi wamo pia vijana wa pwani yetu, na baadhi yao wameufanya kuwa kazi: huwafundisha wageni, huwaazima vifaa na huwachagulia tiara.

Katika makala haya tutaichunguza kazi hiyo ya mwisho. Kijana aliyemaliza kidato cha nne husimama ufukoni asubuhi, hutazama bahari, humtazama mgeni aliye mbele yake, kisha huamua: leo ni tiara ya mita za mraba 12, au 9, au 7. Akikosea kwa kuchagua tiara ndogo, mgeni hataweza kurudi alikotoka. Akikosea kwa kuchagua tiara kubwa, mgeni aweza kunyanyuliwa hewani na kutupwa juu ya mchanga, mwamba au ukuta wa nyumba. Watu wamevunjika mifupa na wengine wamekufa kwa kosa hilo katika nchi mbalimbali. Kwa hiyo uamuzi huo ni swali la fizikia ambalo jibu lake hupimwa kwa mwili wa mtu.

Historia kwa ufupi

Wazo la kuvutwa na tiara si geni. Mwaka 1826 mwalimu mmoja wa shule wa mji wa Bristol, Uingereza, aitwaye George Pocock, alipata hataza ya gari lililovutwa na tiara badala ya farasi. Mwaka 1903 Samuel Cody aliuvuka mlango wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza akiwa katika mashua ndogo iliyokokotwa na tiara. Tatizo la tiara za zamani lilikuwa moja: zikianguka majini zililowa, zikazama, na hazikuweza kurushwa tena.

Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio waliolitatua tatizo hilo. Mwaka 1984 waliomba hataza ya tiara yenye mirija ya kujazwa hewa. Mirija hiyo huipa tiara umbo la upinde, nayo huifanya ielee ikianguka majini, hata mwenyewe akaweza kuirusha upya bila kusaidiwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 mchezo huu ulienea upesi duniani, na mwaka 2024 mashindano yake yaliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, yakafanyika katika bahari ya Marseille.

Kani ya upepo

Hebu sasa tujiulize: tiara huvuta kwa kani kiasi gani? Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba hewa ina tungamo, na kwamba hewa inayosogea ikizuiwa au ikigeuzwa njia hutoa kani. Kanuni yake huandikwa hivi:

Kani = ½ × densiti ya hewa × eneo la tiara × mraba wa kasi ya upepo × kizigeu

Kizigeu ni namba inayotegemea umbo la tiara na pembe ambayo kitambaa chake kinaukabili upepo. Kwa tiara iliyokazwa vizuri twaweza kukadiria kuwa ni 1 hivi. Densiti ya hewa ya pwani yetu, penye joto la nyuzi 30 za Selsiasi, ni takriban kilo 1.16 kwa kila mita ya ujazo.

Tuchukue tiara ya mita za mraba 9 katika upepo wa mita 8 kwa sekunde, na kwa wepesi wa hesabu tuchukulie kwamba haisogei. Kani yake ni ½ × 1.16 × 9 × 64 × 1, yaani nyutoni 334 hivi. Hiyo ni sawa na uzito wa mzigo wa kilo 34. Kijana wa kilo 70 aweza kuihimili kani hiyo kwa kujilaza nyuma na kukanyaga ubao wake.

Sasa upepo uongezeke maradufu, uwe mita 16 kwa sekunde, na tiara iwe ile ile. Mraba wa 16 ni 256, nao ni mara nne ya 64. Kani itakuwa nyutoni 1,336, sawa na uzito wa kilo 136. Yule kijana wa kilo 70 hana tena uzito wa kumshikilia chini. Upepo umeongezeka mara mbili, lakini kani imeongezeka mara nne. Huu ndio mzizi wa elimu yote ya kuchagua tiara: jicho huona kasi, lakini mwili hupokea mraba wa kasi.

Manahodha wetu waliujua ukweli huu kwa uzoefu kabla haujaandikwa katika vitabu vya shule. Tanga la jahazi, lenye pembe tatu, si rahisi kupunguzwa likiwa juu ya mlingoti. Kwa sababu hiyo majahazi makubwa ya safari yalichukua tanga zaidi ya moja: kubwa la upepo mwanana, na dogo la usiku au la upepo mkali. Mpanda ubao anayebeba tiara tatu katika mkoba wake anafuata desturi ile ile.

Kanuni ya ufukoni

Wapanda ubao wana kanuni yao nyepesi wanayoitumia bila kalamu wala karatasi. Wao hupima upepo kwa noti, kama mabaharia. Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.852 kwa saa, au zaidi kidogo ya nusu mita kwa sekunde. Kanuni yenyewe ni hii: zidisha kilo za mpandaji kwa 2.2, kisha gawanya kwa noti za upepo. Jibu ni mita za mraba za tiara inayofaa.

Kwa mtu wa kilo 70, majibu ni haya:

Upepo wa noti 13: mita za mraba 11.8
Upepo wa noti 17: mita za mraba 9.1
Upepo wa noti 22: mita za mraba 7.0
Upepo wa noti 26: mita za mraba 5.9

Mara moja twaona kwa nini wapandaji wengi wa uzito huo hununua tiara za mita za mraba 12, 9 na 7. Msomaji atazame pia uwiano wake. Tofauti ya 12 na 9 ni 3, na tofauti ya 9 na 7 ni 2, lakini 12 ikigawanywa kwa 9, na 9 ikigawanywa kwa 7, majibu yote mawili hukaribia 1.3. Tiara hupangwa kwa uwiano, kama hatua za mfuatano wa jiometri, ili kila moja ianzie pale nyingine inapoelekea kushindwa.

Uzito nao una nafasi yake. Katika upepo ule ule wa noti 17, msichana wa kilo 50 anahitaji mita za mraba 6.5, na mtu wa kilo 90 anahitaji 11.6. Kwa hiyo rafiki asimwige rafiki yake. Swali la ufukoni lisiwe "wewe unatumia ngapi?" bali "mimi nina kilo ngapi, na upepo una noti ngapi?"

Mbona hesabu hazikubaliani?

Mwanafunzi makini atakuwa amekwisha kuona kasoro. Tumesema kwamba kani hufuata mraba wa kasi. Ikiwa ndivyo, upepo ukiongezeka mara mbili, eneo la tiara lingepaswa kupunguzwa mara nne ili kani ibaki ile ile. Kwa noti 13 tulichukua mita za mraba 11.8, basi kwa noti 26 tungetazamia mita za mraba 3 tu. Lakini kanuni ya ufukoni yatuambia 5.9, yaani nusu, si robo. Je, wapanda ubao wamekosea, au ni fizikia iliyokosea?

Hakuna aliyekosea. Kanuni tuliyoiandika ilichukulia kwamba tiara imesimama na kwamba kizigeu hakibadiliki. Baharini mambo hayawi hivyo, na kuna sababu tatu.

Kwanza, tiara husogea. Upepo unaoisukuma si ule unaovuma ufukoni tu, bali ni jumla ya upepo huo na ule unaozaliwa na mwendo wa tiara yenyewe, kama mwendesha baiskeli anavyohisi upepo usoni hata siku iliyotulia. Tuseme tiara inakata upepo kwa njia ya mkingamo kwa kasi iliyo mara mbili ya upepo. Kwa kanuni ya Pythagoras, mraba wa upepo inaoupata ni 1 + 4, yaani mara tano ya ule wa kwanza. Na kani nayo hukaribia mara tano. Mwaka 1980 mhandisi wa Marekani, Miles Loyd, alitumia hoja hiyo kuonyesha kwamba tiara inayokata upepo yaweza kuzalisha nguvu nyingi za umeme. Mpanda ubao huitumia kila siku: upepo ukiwa mdogo huipeleka tiara juu na chini bila kupumzika ili kujitengenezea upepo wa ziada, na upepo ukiwa mkali huiacha itulie mahali pamoja. Kwa hiyo siku ya upepo mdogo tiara hufanya kazi kuliko eneo lake.

Pili, mpandaji mwenyewe husogea. Ubao ukishaanza kuteleza juu ya maji, kasi yake huongezeka upepo unapoongezeka, lakini si kwa kiwango kile kile, kwa kuwa maji huzidi kuukinza na mawimbi huzidi kuurusha. Upepo ukiwa maradufu, ubao hauendi maradufu. Basi ule upepo wa jumla unaoipata tiara hauongezeki mara mbili kamili, wala kani haiongezeki mara nne kamili.

Tatu, kizigeu hubadilika kwa mkono wa mpandaji. Tiara ya siku hizi ina nyuzi nne au tano zilizofungwa kwenye ufito ulio mbele ya kifua chake. Akiusukuma ufito mbali naye, nyuzi za nyuma hulegea, tiara hulala zaidi juu ya upepo, na kani hupungua ingawa eneo halikubadilika. Akiuvuta karibu, kani huongezeka. Katika upepo mkali hupanda akiwa ameusukuma ufito nje kidogo. Katika upepo mdogo huuvuta. Ni sawa na baharia anayelegeza au kukaza demani.

Sababu hizi tatu zikijumlishwa, kipeo cha 2 hushuka kuelekea 1, na hapo ndipo kanuni ya ufukoni inapopata usahihi wake. Lakini tuzingatie mpaka wake. Kanuni hiyo imetokana na uzoefu wa pepo za kawaida, kama noti 12 hadi 30. Nje ya hapo isitumiwe kama msahafu. Tena ni ya ubao wa kawaida. Ubao mpana huhitaji kani ndogo zaidi, na ule wenye bawa chini ya maji, kama uliotumika Marseille, hupanda kwa tiara ndogo zaidi, kwa sababu ukiisha kunyanyuka maji huukinza kidogo sana.

Upepo usiotulia

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba upepo una kasi moja tangu asubuhi hadi jioni. Kila mvuvi anajua kwamba sivyo. Tuseme wastani ni noti 18, lakini mara kwa mara huja mvumo wa ghafla wa noti 26, na baina yake upepo hulala hadi noti 12. Uwiano wa 26 na 18, ukipandishwa mraba, ni 2.1. Maana yake ni kwamba katika sekunde chache kani juu ya tiara ile ile yaweza kuwa zaidi ya maradufu. Na kati ya noti 12 na 26 kani hubadilika karibu mara tano.

Ufito waweza kusawazisha sehemu ya tofauti hiyo, lakini si yote. Ndiyo maana mwalimu mwema wa mchezo huu hachagui tiara kwa wastani, bali hutazama ule mvumo mkali, na kwa mwanafunzi anayeanza hushuka hatua moja zaidi. Hasara yake ni kwamba tiara ndogo upepo ulalapo haina nguvu ya kumpeleka mpandaji kinyume cha upepo. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Mwenye tiara ndogo husukumwa upande wa chini wa upepo, na mwisho hurudi kwa miguu akiwa amebeba ubao kichwani. Hiyo ni adha, lakini si jeraha. Mwenye tiara kubwa hana hiari ya kuchagua kati ya hayo mawili.

Mivumo hii hutoka wapi? Upepo uliopita juu ya minazi, majengo au vilima huvurugika na kuja kwa vishindo. Upepo uliovuka bahari wazi huja laini. Pwani ya mashariki ya Unguja hupata kusi kutoka kusini mashariki na kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na pepo zote mbili huwa zimevuka bahari. Katika majira ya katikati, yanayoitwa maleleji au tanga mbili, upepo hubadilika-badilika, na hapo hata kanuni bora haina la kushika. Aidha, wingu zito la mvua huteremsha hewa baridi ambayo ikigonga uso wa bahari husambaa kwa kasi mbele ya mvua. Anayeliona wingu hilo likija aishushe tiara yake kabla halijafika, wala asingoje kuhisi tone la kwanza.

Pepo zitokazo nchi kavu kwenda baharini ni hatari ya namna nyingine. Kifaa kikiharibika, mpandaji hupelekwa nje ya bahari, wala si ufukoni. Katika upepo huo ukubwa wowote wa tiara si sahihi ikiwa hakuna chombo cha uokoaji.

Kipimo hupimwa wapi?

Kipimaupepo cha mkononi hupima hewa iliyo karibu na kichwa cha mtu, kama mita 2 juu ya mchanga. Tiara huruka mita 20 na zaidi. Karibu na uso wa dunia upepo hupunguzwa na msuguano, nao huongezeka kadiri tunavyopanda. Juu ya bahari, kutoka mita 2 hadi mita 20, ongezeko laweza kuwa robo. Robo yaonekana kidogo, lakini mraba wa 1.25 ni 1.56: kani huko juu ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile iliyotazamiwa kwa kipimo cha chini.

Densiti ya hewa nayo huleta tofauti, ingawa ndogo. Hewa ya nyuzi 10 za Selsiasi ina kilo 1.25 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo mgeni atokaye bahari baridi za Ulaya huona upepo wa pwani yetu "mwepesi" kwa asilimia 7 hivi. Katika Ziwa Victoria, lililo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 10. Lakini tusiyakuze mambo: upepo ukipanda kutoka noti 18 hadi 19 tu, kani huongezeka kwa asilimia 11, nayo hufuta upungufu wote wa mwinuko wa ziwa.

Asiye na kipimaupepo atumie macho. Ngazi za upepo zilizotungwa na Francis Beaufort wa jeshi la majini la Uingereza mwaka 1805 bado zafaa. Mawimbi madogo yenye vilele vyeupe vya kutosha ni ngazi ya 4, noti 11 hadi 16. Vilele vyeupe vikiwa vingi ni ngazi ya 5, noti 17 hadi 21. Mawimbi yakikua na povu likitanda kila mahali ni ngazi ya 6, noti 22 hadi 27. Lakini ndani ya mwamba maji hayawezi kujenga mawimbi makubwa, kwa hiyo tazama nje ya mwamba, si mbele ya miguu yako.

Kazi kwa wanafunzi

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa na shule yoyote, iwe pwani au bara, katika uwanja ulio mbali na nyaya za umeme. Tengenezeni tiara mbili za umbo moja kwa karatasi na vijiti vya makuti. Tiara ya pili iwe na pande ndefu mara mbili ya ile ya kwanza. Zirusheni kwa nyuzi za urefu ule ule, na kila uzi ufungwe kwenye mizani ya springi. Someni mizani mara 20 kwa kila tiara, kisha tafuteni wastani.

Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike kisio lake: tiara kubwa itavuta mara ngapi zaidi ya ndogo? Atakayesema mara mbili ametazama urefu. Atakayesema mara nne ametazama eneo. Halafu linganisheni kipimo kikubwa na kidogo vya tiara moja, na kwa kutafuta kipeuo cha pili cha uwiano huo mkadirie upepo ulibadilika kiasi gani. Mtaona kwamba uzi wa tiara ni kipimaupepo kizuri, tena cha bei nafuu.

Mwalimu aliye karibu na bahari aweza kuongeza swali moja. Mgeni wa kilo 80 amekuja ufukoni. Wastani wa upepo ni noti 16, mivumo hufika noti 22, na wingu jeusi limeonekana upande unakotoka upepo. Stoo ina tiara za mita za mraba 12, 9 na 7. Mpe ipi? Mwanafunzi atakayekokotoa na kujibu 11, kisha akachukua ya 12, amejua kugawanya. Atakayekokotoa pia kwa noti 22, akapata 8, akaitazama ya 9 na ya 7, kisha akamwambia mgeni aketi kwanza hadi wingu lipite, huyo ameifahamu fizikia ya upepo.